Aina C ya Durban, aina A na D za ziwani: kwa nini VVU hutofautiana nchi kwa nchi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kwenye mwalo mmoja wa wavuvi, visiwa vya Kalangala, Ziwa Victoria, hapa Uganda. Mdogo wangu amerudi nyumbani baada ya kufanya kazi Durban kwa miaka tisa. Anaishi na VVU, anatumia dawa, na amekuja na karatasi ya kipimo cha usugu wa virusi kwa dawa iliyoandikwa kwamba virusi vyake ni 'aina C'. Hapa kwetu nimezoea kusikia kuwa tuna aina A na D, na kwamba D ni kali. Inakuwaje kirusi kilekile kiwe na sura moja kule na nyingine huku? Je, dawa za kwetu zitamfaa? Na wenzetu wa nchi kavu hutuambia kuwa aina zote hizi zilianzia kwetu sisi watu wa mwaloni. Wanasema kweli?"

Marahaba, Sista, na pole na kazi ya visiwani. Nianze na la dawa, kwa sababu ndilo linalomkosesha mtu usingizi. Kidonge kinachotolewa katika vituo vyetu tangu 2018, kile mnachokiita TLD kwa kuwa kina tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, hufubaza aina A, C na D bila kubagua, na kwa kuwa Afrika Kusini nayo huwapa wagonjwa wake walio wengi kidonge hichohicho, yumkini ndicho alichokuwa akimeza huko. Herufi iliyoandikwa kwenye karatasi yake haibadilishi tiba. Inaeleza jambo jingine, nalo ni safari: virusi alivyonavyo vilipita njia gani hadi kumfikia. Ili safari hiyo ionekane, hatuna budi kuanzia ndani ya seli, mahali kirusi kinapojinakili.

Ujumbe wote wa urithi wa VVU una herufi zipatazo 9,700, ambazo ungeweza kuziandika kwa mkono zikajaza kurasa kumi hivi za daftari la shule. Kirusi kikishaingia ndani ya seli, kimeng'enya chake huzinakili herufi hizo kutoka RNA kwenda DNA, na mnakili huyo ni mzembe: hasomi tena alichoandika, wala hana ufutio. Mtu ambaye hajaanza dawa huweza kutengeneza virusi bilioni 10 kwa siku moja. Zidisha uzembe huo kwa wingi huo, nawe utaona kwamba karibu kila badiliko la herufi moja linalowezekana hutokea mwilini mwake kabla jua halijatua. Mengi humdhuru kirusi mwenyewe na kupotea, machache hubaki. Watafiti waliwahi kupima wakakuta kwamba mtu mmoja aliyeishi na VVU kwa miaka sita hubeba utofauti unaokaribiana na ule wa virusi vya mafua vilivyozunguka dunia nzima kwa mwaka mmoja.

Uzembe huo, hata hivyo, ni uleule Durban na Kalangala. Kirusi hakikosei zaidi kwenye joto la ikweta wala hakitulii kwenye baridi ya kusini. Kwa hiyo tunapoona kuwa mkoa mmoja una aina kumi na mwingine una moja, jibu tulitafute katika mambo mawili: kirusi kimekaa pale kwa muda gani, na mbegu ngapi zilifika pale tangu mwanzo.

Sisi tunaotumia Kiswahili tuna mfano wake mdomoni. Pwani, katika visiwa vya jirani tu, utakuta Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu. Ukishuka kusini utakutana na Kimvita, Kivumba, Kimtang'ata, Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, kila kimoja na msamiati wake na hata sarufi yake. Panda sasa hadi Kampala. Nchi ni kubwa kuliko visiwa vyote hivyo vikiunganishwa, lakini Kiswahili utakachokisikia kimetokana na mbegu chache zilizoletwa na misafara ya wafanyabiashara katika karne ya 19, kisha na kambi za askari. Mtu asiyejua historia yetu hata kidogo, akipewa kanda za sauti tu, angeweza kukisia kuwa nyumbani kwa lugha hii ni pwani, kwa sababu pale ndipo penye matawi mengi na yaliyoachana zamani. Wanaosoma vinasaba vya virusi hufanya kazi hiyohiyo, isipokuwa wao husikiliza lafudhi ya herufi nne tu.

Kwa VVU, pwani hiyo ni bonde la Kongo. Virusi vinavyosababisha janga la dunia nzima huitwa kundi M, na jamaa zao wa karibu kabisa walio hai wamo ndani ya sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Kutoka huko kirusi kilifika Kinshasa, wakati huo ikiitwa Leopoldville, ambako kilianza kuenea karibu na mwaka 1920. Ushahidi mmojawapo naupenda kwa udogo wake. Sampuli mbili kongwe za kundi M tulizonazo zote zilitoka katika mji huo: moja ni damu ya mwaka 1959, nyingine ni kipande cha tezi cha mwaka 1960 kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya nta. Vinasaba viliposomwa, virusi hivyo viwili vya mji mmoja vilikuwa vimeshaachana mno kiasi kwamba babu yao wa pamoja lazima aliishi miongo kadhaa kabla, mwanzoni mwa karne ya 20. Watafiti walipokusanya sampuli nyingi nchini Kongo katika miaka ya 1990, walikuta pale karibu aina zote za kundi M zinazojulikana duniani, pamoja na virusi ambavyo havikukubali kuingia katika aina yoyote iliyokwisha kupewa herufi.

Kwingineko kote duniani ni vipande vya picha hiyo. Reli za Kongo zilikuwa zikisafirisha watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka kupitia Kinshasa kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940, na kila msafiri aliyeshuka mbali na kirusi ndani yake alikuwa ni mbegu moja iliyodondoka kwenye shamba jipya. Aina C inaonekana ilichipukia kusini mwa Kongo, kwenye ukanda wa migodi, ikateremka kusini zaidi. Ilipofika Afrika Kusini ilikuta migodi, mabweni ya vibarua waliotenganishwa na familia zao, na barabara zinazowarudisha vijijini mara moja kwa mwaka. Leo karibu maambukizi yote ya kule ni ya aina C, na kwa kuwa C ndiyo iliyotawala pia Ethiopia na India, peke yake inabeba takriban nusu ya maambukizi yote ya dunia. Wapo wanaosema C imeshinda kwa sababu ina nguvu za pekee. Mimi nadhani sehemu kubwa ya ushindi huo ni bahati ya kutua pale ilipotua.

Aina B ni kisa hichohicho kwa ufupi. Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, wataalamu wengi wa Haiti walikwenda kufanya kazi huko. Kirusi kikavuka bahari kuingia Haiti katikati ya miaka ya 1960, kisha kikaingia Marekani, na kutokana na mbegu hiyo moja likaota janga lote la Amerika Kaskazini na Ulaya Magharibi. Bara zima, aina moja. Nami niseme pembeni kwamba B na D yetu ni ndugu wa karibu mno. Kama utafiti ungeanzia Kampala badala ya California, huenda zingepewa herufi moja. Majina haya yalitolewa kwa mpangilio wa kugunduliwa, wala hayana daraja ndani yake.

Tuje kwetu. Aina A, au kwa usahihi zaidi tawi lake la A1, na aina D ziliingia Afrika Mashariki katikati ya karne ya 20 na kushika kasi katika miaka ya 1970. Hazikugawanywa sawasawa. Kenya na Rwanda zina A1 kwa wingi. Burundi, yenye vilima vilevile na lugha inayosikilizana na Kinyarwanda, imetawaliwa na C. Tanzania ina mchanganyiko wa A, C na D. Na Uganda ndiyo nchi ambayo A1 na D zimeishi pamoja kwa muda mrefu zote zikiwa nyingi. Mpaka wa Rwanda na Burundi hauzuii mbu wala ndege, lakini mbegu iliyotangulia kutua kila upande haikuwa moja, na aliyetangulia ndiye aliyejaza shamba.

Pale aina mbili zinapokaa kwenye kitanda kimoja, huzaliwa chotara. Mtu akiambukizwa A1 na D, seli yake moja huweza kuingiliwa na zote mbili, na kirusi kinachotoka humo hubeba nakala moja ya kila upande. Kwenye seli inayofuata, yule mnakili mzembe huanza kusoma nakala ya kwanza, kisha katikati ya sentensi huruka hadi ya pili na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimekaa mara nyingi mbele ya kompyuta huko Entebbe nikitazama mstari wa kirusi kutoka mwaloni ukifuata A1 herufi kwa herufi, halafu, bila hodi, ukageuka D, ukaenda hivyo kwa urefu wa jeni nzima, na kurejea A1. Virusi vya namna hiyo ni sehemu kubwa ya virusi vya Uganda vilivyosomwa kwa urefu wote. Ndiyo maana nakusihi usiichukulie herufi iliyo kwenye karatasi kama kabila la kudumu: kipimo cha usugu husoma kipande kimoja tu cha jenomu, na mgonjwa aliyeandikiwa A kwa kipande hicho anaweza kuwa D kabisa kwenye ganda la kirusi.

Ganda lenyewe ndipo tofauti zilipo nyingi zaidi. Ukichukua virusi viwili vya aina moja, protini za maganda yao hutofautiana kwa asilimia 15 hadi 20. Ukichukua vya aina mbili, tofauti hufika asilimia 25 hadi 35. Kuna ncha moja ndogo ya protini hiyo ambayo kingamwili hupenda kuishika. Kwenye aina B ncha hiyo huwa na asidi amino (vijenzi vya protini) nne zinazoandikwa kwa kifupi GPGR. Kwenye A na C huwa GPGQ. Kwenye D yetu hubadilika kuliko hapo, ambapo mara utaona GPGQ, mara GLGQ. Herufi moja tu, lakini kingamwili iliyofundishwa kushika R inaweza kupita bila kuiona Q. Chanjo ya kwanza ya VVU kufanyiwa majaribio barani Afrika ilijaribiwa hapa Kampala mwaka 1999 kwa watu 40 wa kujitolea, nayo ilikuwa imejengwa kwa aina B. Mojawapo ya maswali yake lilikuwa kama kinga iliyoamshwa na B ingeitambua A na D kabisa. Tatizo hilo la ganda bado linawasumbua watengenezaji wa chanjo hadi leo. Dawa zilizo ndani ya TLD hazilijali, kwa sababu hulenga vimeng'enya vya ndani, ambavyo kirusi hakiwezi kuvibadilisha ovyo kisife.

Kuhusu ukali wa D, uliyoyasikia yana msingi. Utafiti wa Rakai, kusini mwa Uganda, uliochapishwa 2008 uliwafuatilia watu ambao tarehe ya kuambukizwa kwao ilikaribia kujulikana, katika kipindi ambacho dawa zilikuwa bado hazijaenea, na ukakuta kuwa waliokuwa na D walifikia Ukimwi katika muda wa kati wa miaka 6.5, ilhali wenye A walifikia katika miaka 8. Sababu mojawapo ni mlango: D huwahi zaidi kujifunza kuingia kwenye seli kupitia kipokezi kiitwacho CXCR4, na hivyo hupanua idadi ya seli inazoweza kuziua. Ajabu ni kwamba ukali huo haukuipa ushindi. Miaka ilivyosonga, sehemu ya D katika maambukizi ya Rakai imekuwa ikipungua na ya A ikipanda, na takwimu za wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana zilionyesha kuwa A huambukiza kwa urahisi zaidi. Yote haya yanamhusu mtu asiyetumia dawa. Kwa anayemeza TLD yake na ambaye kipimo cha wingi wa virusi hakioni kitu, hakuna D kali wala A pole.

Sasa wale wa nchi kavu. Wao wanachanganya mahali ugonjwa ulipoonekana na mahali ulipotoka. Ni kweli kwamba Kasensero, mwalo uliokuwa ndani ya wilaya ya Rakai (sasa Kyotera) karibu na mpaka wa Tanzania, ndipo wagonjwa wa mwanzo wa "slim", yaani Ukimwi, nchini mwetu walipotambuliwa mwaka 1982, na mwaka 1985 madaktari wetu, akiwemo David Serwadda, wakachapisha taarifa zake kwa ulimwengu. Lakini rudia kipimo chetu cha lahaja. Kama ziwa lingekuwa chanzo cha aina zote, tungezikuta zote, zikiwa zimeachana zamani, kama Kinshasa. Tunachokikuta mwaloni ni A1, D, chotara wao, na C moja moja, yaani vilevile vilivyoko nchi kavu ya Rakai na Masaka. Mwalo haukuzaa aina hizo, uliletewa.

Upo ushahidi wa karibu zaidi. Ni kweli kwamba mialo ya Rakai ina maambukizi mengi: vipimo vilivyochapishwa 2016 vilionyesha karibu watu wazima 4 kati ya 10, huku vijiji vya wakulima vikiwa na wastani wa asilimia 14. Kwa miaka mingi, mimi nikiwamo, tulidhani takwimu hizo zinaeleza chemchemi: kirusi kinabubujika ziwani na kutiririkia mashambani. Kisha vinasaba vya virusi vya maelfu ya wakazi wa Rakai vikasomwa kwa kina, vikalinganishwa ili kuona ni vipi vinavyokaribiana na upande gani unaelekea kuwa wa mwanzo. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalikuwa kinyume na dhana yetu. Maambukizi mengi yalitokea ndani ya jamii ileile, ya wakulima kwa wakulima na ya wavuvi kwa wavuvi. Na kwa yale machache yaliyovuka, yaliyotoka nchi kavu kuingia mwaloni yalizidi yaliyotoka mwaloni. Kwa hiyo akija mtu kuwalaumu tena, mwambie mtaalamu mmoja naye alikuwa akidhani hivyo na vinasaba vikamsuta. Mwambie pia kwamba hesabu hizi ni za jamii nzima. Kufanana kwa virusi vya watu wawili hakuthibitishi kwamba fulani alimwambukiza fulani, kwa kuwa huenda wote wawili walipata kwa mtu wa tatu asiyepimwa.

Nirudi kwa mdogo wako, kwa sababu liko jambo moja ambalo herufi C inaweza kuacha alama yake kwenye karatasi ile. Angalia kama imeandikwa V106M. Maana yake ni hii: kwenye kimeng'enya kinachonakili kuna nafasi ya 106, yenye asidi amino iitwayo valini. Aina B huiandika valini hiyo GTA, aina C huiandika GTG. Protini ni ileile, na kirusi hakihisi tofauti. Lakini dawa ya efavirenzi ilipoanza kukibana, njia mojawapo ya kirusi kujinusuru ilikuwa ni kuigeuza valini kuwa methionini, ambayo haiandikwi ila ATG. Kutoka GTG hadi ATG ni kukosea herufi moja; kutoka GTA ni kukosea mbili kwa pamoja. Ndiyo sababu usugu wa V106M ulikuwa wa kawaida kusini mwa Afrika na adimu Ulaya, ingawa dawa ilikuwa moja. Nasi tuliona la kufanana nalo: akina mama waliopewa dozi moja ya nevirapini wakati wa uchungu katika utafiti wa Kampala wa miaka ya 1990 walipata usugu mara nyingi zaidi kama virusi vyao vilikuwa D kuliko kama vilikuwa A.

Ukiiona V106M, usishtuke. Yaelekea itakuambia tu kwamba aliwahi kutumia efavirenzi au nevirapini na ikamshinda, au aliambukizwa na mtu wa namna hiyo. Dolutegraviri hufanya kazi kwenye kimeng'enya kingine kabisa na haiguswi na badiliko hilo. Mpaka wa kuogopwa kweli haupo kati ya herufi za kundi M, upo nje ya kundi hilo: VVU-2 vya Afrika Magharibi na vingi vya kundi O la Kameruni havisikii nevirapini wala efavirenzi tangu kuzaliwa kwao. Mdogo wako hayumo humo.

Mwandikishe kwenye kituo kwa barua yake ya uhamisho, asikatize dawa hata siku moja akisubiri makaratasi, na mfanyie kipimo cha wingi wa virusi mapema badala ya kungoja zamu yake ya kawaida. Karatasi ile ya Durban itie ndani ya faili lake, nakala si asili, na ile asili aitunze mwenyewe kwenye mfuko wa nailoni; unyevu wa visiwani unaujua kuliko mimi. Kinachotakiwa kusomwa humo na daktari yeyote atakayempokea baadaye ni orodha ya mabadiliko na majina ya dawa alizowahi kutumia. Herufi C anaweza kuiruka.